Neno "cheche" pale Mlimani, 1969 hadi 1970

Katika majina yote ya magazeti ya wanafunzi niliyowahi kuyapitia, hakuna linalonivuta kama Cheche. Jarida hili lilianza kutoka Novemba 1969 pale Mlimani, Dar es Salaam, chuo kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Lilitolewa na USARF, chama cha wanafunzi wanamapinduzi, pamoja na tawi la Umoja wa Vijana wa TANU. Wahariri walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, ambaye miaka mingi baadaye alikuwa Waziri wa Fedha. Makala zake ziliandikwa kwa Kiingereza, ila jina likawa la Kiswahili. Mimi nafuatilia maisha ya maneno katika maandishi ya zamani, na hili limebeba mengi.

Mwaka 1900 Lenin, mwanamapinduzi wa Urusi, na wenzake walianzisha gazeti la Iskra, yaani cheche. Kaulimbiu yake ilitoka katika shairi ambalo Mrusi Odoevsky alimjibu mshairi mwenzake Pushkin: kutokana na cheche utawaka moto. Mwaka 1962, pale Accra, wafuasi wa Nkrumah wakaanzisha The Spark, maana ileile. Wanafunzi wa Mlimani wakawa wa tatu katika ukoo huo, na msomaji aliyeujua ukoo aliona msimamo wa kisiasa kabla hajafunua ukurasa wa kwanza.

Na asiyeujua je? Hapo ndipo penye utamu. Mswahili ni nadra kuitaja cheche ikiwa peke yake. Twasema cheche za moto. Fundi akichomelea geti cheche zinaruka kila upande, mkaa mbichi ukipepewa unarusha cheche. Neno limo katika ngeli ya I-ZI, umoja na wingi havitofautiani, kwa hiyo jalada halikusema kama ni moja au ni mia. Iskra ya Kirusi ni moja tu. Kwangu mimi jina lilikaa vizuri zaidi kwa Kiswahili, maana jarida lenyewe lilikuwa la wengi. Walter Rodney, mwalimu wa historia, aliandika humo. USARF, ambayo mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Yoweri Museveni, ilikusanya vijana wa nchi kadhaa za Afrika. Makala zilipigwa taipu kwenye stensili, zikarudufiwa kwa mashine, kisha wanafunzi wenyewe wakapanga kurasa na kuzibana pini kwa mikono.

Septemba 1970 likatoka toleo maalumu lenye uchambuzi mrefu wa Issa Shivji kuhusu matabaka nchini Tanzania. Shivji alihoji ni nani hasa aliyenufaika baada ya mashirika kutaifishwa kufuatia Azimio la Arusha. Novemba mwaka huohuo serikali ikalipiga marufuku jarida na USARF pia. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ilikuwa jina lenyewe: kwamba Cheche linawafanya watu wadhani Tanzania inajenga ujamaa wa Kirusi, ilhali nchi ina ujamaa wake. Naamini hoja za Shivji ndizo zilizouma zaidi. Hata hivyo, waliolishtaki jina walikuwa wamelisoma sawasawa. Neno ni letu tangu enzi za mababu, lakini matumizi yake juu ya jalada lile yaliazimwa, na walioyaazima hawakuficha.

Mwaka 1971 tawi la Umoja wa Vijana likaanzisha jarida jingine na kuliita MajiMaji, jina la vita vya 1905 hadi 1907 dhidi ya Wajerumani. Hilo nani angeliita la kigeni? Mjadala uliofungiwa ukapata ukurasa mpya, na maswali ya tabaka na ubeberu yakaendelea kuulizwa humo. Hirji naye alipokusanya kumbukumbu za wenzake katika kitabu, mwaka 2010, alilirudishia jalada jina lililofungiwa: Cheche.