Je, wajua kwa nini msumeno wa pete haukati chanda?

Kwa miaka mingi niliamini, na nikawaeleza wengine, kwamba kile kimsumeno cha betri cha kukatia pete iliyokwama hakikati ngozi kwa kuwa ni ndugu wa msumeno wa kukatia plasta ya mfupa. Siku moja dukani kwa sonara mjini Lamu nilitaka kuwaonyesha waliokuwapo kwa kukigusa kikiwa kinazunguka. Sonara aliurudisha mkono wangu bila kusema neno.

Msumeno wa plasta hauzunguki. Kisahani chake hutetemeka tu, kushoto kulia, mwendo mdogo mno. Tazama gatini: wimbi likija, mashua hupanda na kushuka nalo, nguzo husimama ikapigwa. Ngozi ni mashua, plasta ni nguzo. (Hata huo, ukiburuzwa juu ya ngozi au ukipata moto, huumiza.) Kisahani cha pete huzunguka mzima mzima, na hakichagui cha kukata.

Kinachokiokoa chanda ni ulimi mwembamba wa chuma unaopenyezwa kati ya pete na ngozi kabla ya kuwasha. Fundi cherehani anayefumua mshono kwa wembe anaweza kutia kipande cha kadi chini ya uzi: uzi ukikatika, wembe hukuta kadi, si kitambaa. Ni hilo tu, hakuna ujanja mwingine. Kidole kikifura hata ulimi usipite, mashine haina kazi hapo. Inua mkono, tumia maji baridi na sabuni, ujaribu tena. Kidole kikibadilika rangi au kufa ganzi, usingoje: nenda hospitali.

Hatari inayosahaulika ni joto. Fedha, ambayo masonara wa Lamu huifanyia pete zenye vigae vya vyombo vya kale, hupitisha joto kuliko metali nyingine yoyote. Unakata upande mmoja, upande wa pili unapata habari, kama kijiko kilichosahaulika sufuriani. Kwa hiyo hukatwa sekunde chache, husimamishwa, hutiwa matone ya maji, hurudiwa.

Kisahani kikilia bila kukata, kwanza tazama meno: fedha na dhahabu ni laini, huyajaza. Ukikandamiza sana, mota huzimika. Betri ikichoka, mwendo hulegea. Titani, metali ngumu na nyepesi, hukatika, polepole, kwa kisahani cha almasi. Pete ya kabaidi ya tangsteni, mchanganyiko mgumu mno wa tangsteni na kaboni, huyashinda meno ya chuma, lakini haipindi: hubanwa kwa koleo linalojifunga likishabana, kidogo kidogo, mpaka ipasuke. Funika macho.

Pete ikishakatwa haidondoki. Hupanuliwa kwa koleo mbili. Ikiwa nene au ngumu, hukatwa mara ya pili upande wa pili. Sonara yule alikata upande wa kiganja, mbali na kigae, ili jioni ailehemu.