Hakuna anayezoea sindano ya mwisho

Watu husema anayehudumia wanyama huzoea vifo: sindano ya kwanza ya kumuua mnyama kwa utulivu humliza, ya mia hata hashtuki. Si kweli.

Mara nyingi kifo chenyewe si mzigo mkubwa kuliko yote. Mbwa mwenye saratani iliyosambaa, anayehema kwa shida, akidungwa sindano ya kumpumzisha, daktari huumia lakini dhamiri yake imetulia. Kinachomnyima usingizi ni paka mwenye afya njema anayeletwa auawe kwa sababu mwenyewe anahama. Au mfupa uliovunjika, unaotibika kabisa, ila fedha hakuna. Au kinyume chake: mnyama amechoka, na familia inang'ang'ania atibiwe tu. Ujuzi unao, uamuzi si wako. Mwanafalsafa wa Marekani Bernard Rollin aliuita huu msongo wa kimaadili, akiutenga na uchovu wa kawaida wa kazi. Ndiyo maana likizo peke yake haiutibu, ingawa waajiri hukimbilia hiyo kwanza.

Anayeonekana hajali huenda anajikinga tu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019, uliopitia vifo vya madaktari wa wanyama kuanzia 1979 hadi 2015, ulikuta vifo vya kujiua miongoni mwa wanawake wa taaluma hiyo ni mara 3.5 ya kiwango cha jamii kwa jumla. Kwa wanaume, mara 2.1. Sababu ni nyingi, si sindano pekee. Lakini watu waliozoea hawangekuwa na takwimu hizo.