Nyota Tano Si Hakikisho la Usalama

Wengi wanaomtafutia mzazi nyumba ya kutunzia wazee huko Marekani hufungua tovuti ya Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, wakaona nyumba imepewa nyota tano, daraja la juu kabisa, wakadhani kazi imekwisha. Sivyo. Nyota za ukaguzi wa afya hutolewa kwa kulinganisha nyumba za jimbo moja tu: asilimia 10 bora hupata tano, asilimia 20 za mwisho hupata moja. Kwa hiyo huwezi kupima nyota za Texas kwa zile za Minnesota. Tena vipimo vingi vya ubora hutokana na taarifa ambazo nyumba yenyewe imejaza kuhusu wakazi wake, na hapo ndipo penye mashaka makubwa.

Takwimu za wafanyakazi ninaziamini zaidi, maana hutoka kwenye kumbukumbu za mishahara. Angalia hasa saa za wauguzi Jumamosi na Jumapili. Kwenye tovuti hiyo, alama nyekundu yenye kiganja ni onyo la unyanyasaji. Kisha soma ripoti ya ukaguzi yenyewe: mkazi alianguka vipi, nani alipata vidonda kwa kulala bila kugeuzwa. Halafu nenda Jumapili jioni, usikilize kengele ya mgonjwa inalia muda gani kabla mtu hajafika.