Je, wajua kwa nini Ziwa Kivu lina aina chache za samaki?

Asubuhi katika soko la Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, sinia za mama wauza samaki zinang'aa kwa sambaza: samaki wadogo, wembamba, wa rangi ya fedha, magamba yao yanabaki yamekuganda vidoleni. Pembeni kuna ndagala wakavu na mikeke kutoka Uvira. Lakini ukitaja samaki wa asili wa Kivu, majina yanakwisha upesi. Ziwa zima lina aina zisizofika 30. Ziwa Tanganyika, linalopokea maji yetu, lina zaidi ya aina 200 za samaki wa ukoo wa tilapia peke yao, na karibu wote hawapatikani kwingine duniani.

Wengi husema ni umri, kwa kuwa Tanganyika lina miaka kama milioni 10. Umri una uzito wake, ila hautoshi. Victoria lilikauka, likajaa tena miaka kama 15,000 iliyopita, na hata hivyo lilizaa mamia ya aina.

Mimi naona jibu kubwa liko kwenye nafasi na mlango.

Kwanza nafasi. Kivu lina kilomita za mraba kama 2,400 na kina cha meta 485, lakini oksijeni inaishia kwenye meta 60 hivi. Chini ya hapo maji yamebeba gesi za methani na kaboni dioksidi, na hakuna samaki anayeweza kuishi humo. Tena kingo zinateremka ghafla, kwa hiyo miamba na mchanga wenye hewa, ambako samaki hutaga na kugawana makazi, ni ukanda mwembamba tu kandokando ya ziwa.

Halafu mlango. Zamani maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Volkano za Virunga zikaziba njia, maji yakapanda hadi yakafurikia kusini na kuwa Ruzizi, mto unaoanzia hapa hapa Bukavu. Unashuka karibu meta 700 kabla ya kufika Tanganyika. Samaki wa kule angepandaje maporomoko yote hayo? Ndiyo maana ndugu wa samaki wetu wa asili wako Edward na Victoria.

Mwaka 1967 wanabiolojia MacArthur na Wilson walieleza jambo hili kwa visiwa: hesabu ya aina hutegemea wangapi wanafika na wangapi wanatoweka. Ziwa nalo ni kisiwa, cha maji katikati ya nchi kavu.

Na sambaza? Ni mgeni. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu katikati ya Kivu hakukuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea. Alikuta chakula hakina mwenyewe, akazaana. Leo usiku taa za wavuvi zinametameta mbele ya Bukavu, mitumbwi mitatu mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, na familia nyingi zinakula kwa sababu yake. Lakini kiroboto wa maji, mmoja wa vijidudu hivyo vinavyoelea, mkubwa kuliko wenzake waliokuwa wakila mwani ziwani humo, alitoweka baada ya sambaza kuenea.