Je, wajua? Nyayo za kale za Ziwa Natron hazikukanyagwa kwenye majivu yaliyoanguka kutoka angani

Wanaofunga safari hadi Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, wengi wanawafuata heroe. Ni ziwa la magadi lenye kina kisichofika mita tatu, joto kali na ukimya mwingi, na ndilo mazalia makuu ya heroe wadogo Afrika Mashariki. Upande wa magharibi, eneo la Peninj, Kamoya Kimeu aliokota mwaka 1964 taya la kiumbe wa jamii ya binadamu aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja iliyopita. Hilo lina historia yake. La leo liko kusini, karibu na kijiji cha Engare Sero: uwanda wa tope lililogeuka mwamba, wenye nyayo za binadamu zaidi ya 400. Ni watu kama sisi kabisa. Vidole vinaonekana, visigino vinaonekana, na mahali pengine unaweza kumfuata mtu mmoja hatua kwa hatua.

Zimebakije? Jibu utakalolisikia mara nyingi ni kwamba Ol Doinyo Lengai, volkano iliyo jirani, ililipuka, majivu yakamwagika juu ya nchi, watu wakapita wakikimbia, kisha majivu yakaganda.

Jibu hilo lina mvuto kwa sababu kila kipande chake kinaelekea kuwa kweli. Mlima upo hapo hapo, bado u hai, na mwaka 2007 na 2008 ulirusha majivu hewani kwa miezi. Tena kuna Laetoli, ndani ya wilaya hiyo hiyo ya Ngorongoro, ambako timu ya Mary Leakey ilifukua nyayo za miaka milioni 3.66, na huko kweli majivu yalianguka kutoka juu kisha yakaloweshwa na mvua. Ni rahisi mno kuichukua habari ya Laetoli na kuihamishia Natron. Hata watafiti walipoanza kazi Engare Sero walidhani wanatazama majivu yaliyotua pale moja kwa moja.

Lakini walipolichunguza tabaka lenyewe, waliona kwamba ni tope lililoletwa na maji. Majivu yalikuwa yameshatua zamani kwenye miteremko ya mlima. Maji yakayasomba, yakachanganyika na mchanga na madini mengine njiani, yakashuka hadi uwandani karibu na ziwa na kutandaa. Watu walipita lingali laini. Likakauka haraka, pengine kwa saa au siku chache tu, likawa gumu, kisha tope jingine likalifunika na kulikinga na upepo kwa maelfu ya miaka. Hapakuhitajika mlipuko siku ile. Mlima huenda ulikuwa umetulia tuli.

Mtu anaweza kuuliza tofauti iko wapi, kama majivu ni yale yale. Tofauti kubwa iko kwenye umri.

Ndani ya majivu ya volkano mna fuwele ndogo za madini zenye potasiamu. Sehemu ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni. Fuwele ikiwa ndani ya moto wa volkano, gesi hutoroka. Ikishatoka na kupoa, gesi hunaswa ndani na kuanza kujikusanya. Ukipima kiasi cha agoni, unajua ni lini fuwele ile ilipoa, yaani ni lini mlima uliitema. Majivu yakiwa yametua moja kwa moja, siku ya fuwele na siku ya nyayo zinakaribiana, na hesabu imekwisha.

Kwenye tope hesabu hiyo inavunjika. Fikiria umekuta kibubu cha udongo kilichofukiwa shambani, ndani mna sarafu. Moja ni ya 1966, nyingine ya 1984, nyingine ya 1990. Kilifukiwa lini? Sarafu ya 1966 haikwambii chochote cha maana, maana ilizunguka mikononi mwa watu miaka mingi kabla ya kudumbukizwa. Unayoitafuta ni ile mpya kuliko zote. Kama ni ya 1990, kibubu hakikufukiwa kabla ya 1990. Lakini kingeweza kufukiwa 1991, au 2015. Sarafu inakupa mpaka wa upande mmoja tu.

Tope la Engare Sero ndicho hicho kibubu. Lilizoa fuwele za milipuko mingi ya nyakati tofauti, na makadirio ya mwanzo yalifika miaka 120,000. Fuwele changa zaidi zilipopimwa zilitoa takriban miaka 19,000, kwa hiyo tope haliwezi kuwa la kale zaidi ya hapo. Mpaka wa upande wa pili ulitokana na kipimo cha kaboni: kama miaka 5,760. Nyayo ziko mahali fulani katikati. Ni pengo pana, na ndivyo ushahidi unavyoruhusu. Ukisomewa tarehe moja kamili, hiyo imezidi kipimo.

Na wale watu je? Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulitenga nyayo za watu 17 waliokuwa wakielekea kusini-magharibi pamoja, kwa mwendo wa kawaida wa kutembea. Kwa kulinganisha ukubwa wa miguu na ya watu wa leo, watafiti wanakadiria walikuwa wanawake 14, wanaume wawili na kijana mmoja wa kiume. Ni makadirio, kwa sababu mwanamke mrefu na mwanaume mfupi wanaweza kuacha unyayo sawa. Hata hivyo watafiti waliona mfanano na Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, ambako wanawake hutoka kwa makundi kutafuta chakula na mara moja moja mwanaume huongozana nao. Nyayo nyingine, za watu sita, zinaelekea kaskazini-mashariki kwa kasi tofauti tofauti, na inaelekea hawa hawakuwa msafara mmoja.

Ukienda, mchukue mwongozaji wa kijijini, na nenda asubuhi au jioni: jua likiwa chini, kivuli huingia ndani ya kila unyayo, na alama ambazo saa sita mchana hupotea machoni zinajitokeza hadi kidole gumba. Usizikanyage.