Konde la Wazi: Maana Yake kwa Mfano wa Kijiji cha Laxton

Konde la wazi ni shamba kubwa lisilo na ua ndani yake, lililogawanywa katika ngwe nyingi ndefu na nyembamba, kila ngwe ikiwa na mkulima wake. Neno "wazi" lisimfanye msomaji adhani kwamba ardhi hiyo haina mwenyewe. Kila mkulima anazijua ngwe zake na mavuno ni yake. Yanayoamuliwa kwa pamoja ni zamu ya mazao, wakati wa kulaza ardhi (kuiacha bila kupandwa ili ipumzike) na mahali mpaka unapopita.

Utaratibu huu ulienea sehemu kubwa ya Uingereza katika Enzi za Kati. Baadaye, hasa katika karne ya 18 na ya 19, Bunge lilipitisha maelfu ya sheria za kuzungushia mashamba ua, ngwe zikaunganishwa, na wanyonge wengi waliotegemea malisho ya pamoja wakabaki mikono mitupu. Laxton, kijiji kidogo cha Nottinghamshire, ni miongoni mwa mahali pachache mno ambapo utaratibu huo haukufa. Mwaka 1635 mpima ardhi Mark Pierce alikichorea kijiji ramani inayoonyesha ngwe mojamoja, na makonde matatu yaliyomo humo, West Field, South Field na Mill Field, yangali yakilimwa, ingawa yamepungua ukubwa na ngwe zenyewe zimepanuliwa.

Zamani ngwe za mkulima mmoja zilitawanyika huku na huko, hivyo kila mtu akapata fungu lake la udongo mzuri na la ule mfinyanzi mzito unaoganda kwenye plau. Mzunguko ni wa miaka mitatu: konde moja hupandwa ngano kabla ya majira ya baridi, la pili hupandwa mazao ya majira ya kuchipua, na la tatu hulazwa au huachiwa majani.

Kwa maoni yangu, urithi wenye thamani kubwa kuliko yote hapo ni baraza la wakulima liitwalo Court Leet. Ardhi imebadilisha wamiliki mara kadhaa: Wizara ya Kilimo iliinunua mwaka 1952, ikaenda kwa mamlaka ya mali za Taji, yaani za ufalme, mwaka 1981, kisha ikauzwa kwa Thoresby Estate, milki binafsi ya ardhi, mwaka 2020; baraza limeendelea kukutana. Kila mwaka, kipupwe kinapokaribia, wakulima walioapishwa hulikagua konde lililopandwa ngano. Hutembea mpaka kwa mpaka, hupigilia vigingi pale alama zilipopotea, na huangalia kama kuna aliyelima akaingia kwenye njia, kwenye ukanda wa majani au kwenye ngwe ya jirani, hata kama ni kwa upana wa hatua moja. Wiki moja hivi baadaye baraza hukaa katika baa ya kijiji, Dovecote Inn, ambako makosa husomwa na aliyevuka mpaka hutozwa faini.