Shaba hakuwa bubu: kumlea mbwa nyumbani akisubiri mwenyewe

Familia ya nne ilipoondoka mikono mitupu kwenye kituo chetu cha mbwa wasio na wenyewe, mhudumu wa mabanda alinifuata. "Daktari, Shaba wamemkataa tena. Wanasema ni bubu."

Shaba alikuwa jike wa miaka miwili hivi, aliyeokotwa pembeni mwa soko akiwa na waya uliozama shingoni. Kidonda kilikuwa kimeshapona na manyoya yameanza kufunika kovu. Lakini kila mgeni aliposimama mbele ya banda, alijikunja kwenye kona, akawapa watu mgongo, kimya. Na hapa Dar es Salaam wengi wanaokuja kuchukua mbwa wana haja moja: mlinzi wa usiku. Mbwa asiyebweka wa nini?

Jioni ile nilimpakia kwenye gari nikaenda naye nyumbani. Mimi ni daktari wa mifugo, na zaidi ya tiba, nimekuwa nikilea mbwa wa kituo kwangu, mmoja baada ya mwingine, mpaka wapate wenyewe. Tunaita malezi ya muda. Mbwa anabaki kuwa wa kituo, wewe unampa paa, chakula na macho yako. Neno macho nimelitumia kwa makusudi. Watu wakisikia malezi ya muda hufikiria huruma, na huruma lazima iwepo, lakini kazi yenyewe hasa ni kumjua mbwa. Bandani hajulikani.

Banda la kituo, hata liwe safi namna gani, lina kelele za mbwa thelathini, harufu za wagonjwa na wageni wanaopita bila kusalimia. Mbwa mwenye hofu hujificha ndani ya nafsi yake, na mchangamfu hurukaruka mpaka anaonekana mkorofi. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika vituo 5 vya Marekani, kwa mbwa 207. Watafiti walipima kotisoli, homoni inayopanda mwili ukiwa kwenye msongo, katika mkojo wa mbwa kabla hawajatoka, walipolala usiku mmoja au miwili nyumbani kwa mtu, na waliporudi. Nyumbani ilishuka. Waliporudi ilipanda hadi ilipokuwa mwanzo, haikuzidi hapo. Nilipousoma nilimkumbuka kila mbwa niliyewahi kumwona akilala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza kwenye baraza langu, miguu imenyooka, kifua kinapanda na kushuka polepole.

Kabla ya kusema mbwa ni mpole au ana haya, hakikisha si mgonjwa. Ukimya wa Shaba ungeweza kuwa na sababu ya mwilini. Waya shingoni unaweza kuumiza mishipa ya fahamu inayokwenda kwenye koo la sauti. Tena kuna kichaa cha mbwa cha namna ya kupooza, ambacho wengi hawakijui kwa sababu wamezoea kusikia habari za mbwa anayekimbia aking'ata kila kitu. Huyu wa kupooza hujificha. Taya hulegea, mate humtiririka, sauti hubadilika au hukatika kabisa, na mtu mwenye huruma humtia mkono mdomoni akidhani amekwamwa na mfupa. Usifanye hivyo kamwe.

Shaba alikuwa amekaa kituoni miezi mitano akiwa mzima, anakula na kumeza vizuri, anapumua bila mkoromo. Usiku wa tatu kwangu alilia ndotoni, sauti nyembamba kama ya mtoto wa mbwa. Nilikaa gizani nikimsikiliza. Sauti anayo. Basi kilichobaki ni kungoja.

Nirudi kidogo kwenye usalama. Mbwa yeyote anayeingia kwangu akiwa na umri wa miezi mitatu au zaidi, na hana kadi ya chanjo inayoaminika, anachanjwa kichaa cha mbwa kwanza. Chanjo hailindi siku hiyohiyo, naipa kama wiki nne. Na ugonjwa wenyewe unaweza kukaa mwilini wiki hadi miezi kabla dalili hazijatokea, kwa hiyo mbwa wa mtaani aliyechanjwa jana bado si wa kuaminiwa kikamilifu. Akimng'ata mtu, kidonda kioshwe palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu aende hospitali siku ileile kuanza chanjo, asingoje kuona mbwa atafanyaje. Mbwa asiuawe. Afungiwe na kuangaliwa siku 10. Akizimaliza akiwa mzima, hakuwa akiambukiza siku aliyong'ata. Ukimpiga mawe akafa, umejinyima jibu hilo, na umemtesa kiumbe ambaye Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008 inamlinda.

Ugonjwa unaoniumiza zaidi ni parvo, ugonjwa wa kirusi unaowatapisha na kuwaharisha damu watoto wa mbwa, kwa sababu niliwahi kuupeleka mwenyewe nyumbani kwa watu. Miaka kadhaa iliyopita niliwapa familia moja watoto wanne wa mbwa wawalee. Walikuwa na ua mzuri wenye mwembe na kivuli tele. Sikuuliza kama kuna mbwa aliyewahi kufia pale. Alikuwepo mmoja, miezi sita nyuma, wenyewe wanasema "aliharisha damu tu." Kirusi cha parvo hukaa kwenye udongo wenye kivuli mwaka mzima, hata zaidi. Siku ya sita mtoto wa kwanza alianza kutapika. Tuliwatundikia dripu zamu kwa zamu, mama wa nyumba ile hakulala usiku tatu. Tuliokoa mmoja. Kosa lilikuwa langu, nililisema mbele yao, na tangu siku ile swali la kwanza ninalomuuliza anayetaka kulea ni hili: mbwa gani waliishi hapa kabla, na waliondokaje?

Kama jibu lina shaka, nampa mbwa mkubwa mwenye chanjo zote, watoto wanakwenda kwingine. Sakafu ya saruji unaweza kuiosha kwa sabuni, kisha ukaimwagia jiki iliyochanganywa kipimo 1 kwa vipimo 30 vya maji na kuiacha dakika 10. Udongo hausafishiki hivyo. Na mbwa yeyote mgeni, hata awe mzima kiasi gani machoni, hakai na mbwa wako wa nyumbani kwa siku 14 za kwanza. Vyombo vyake mbali, na ukitoka kwake unanawa na kubadili ndala.

Chakula nitakisema kwa ufupi, ila kuna jambo moja lisilosameheka. Mbwa aliyekonda mpaka mbavu zinahesabika asipewe sinia la ugali na utumbo usiku wa kwanza, hata akikutazama vipi. Mwili uliozoea njaa ukipokea chakula kingi kwa ghafla hutoa insulini nyingi, homoni ya kushughulikia sukari, nayo huvuta madini ya fosfati na potasiamu kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli, na moyo unaweza kushindwa. Gawa chakula kidogokidogo mara nne hadi sita kwa siku, ongeza taratibu kwa siku kadhaa. Baada ya hapo ugali laini na dagaa waliooshwa kuondoa chumvi, au utumbo uliochemshwa, vinatosha kwa siku zake za mpito. Kitunguu usiweke. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vikali, usimpe. Na kila asubuhi mpekue kupe masikioni na katikati ya vidole. Fizi zikiwa nyeupe au mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, huenda kupe wameshamwambukiza ugonjwa wa damu; mpeleke kwa daktari, usingoje kesho.

Sasa majirani. Wanaoandika habari za kulea mbwa husahau majirani, na kwetu mbwa hulelewa na mtaa.

Jirani yangu wa kulia ni mzee anayeswali msikitini vipindi vyote vitano. Kabla Shaba hajashuka kwenye gari nilikwenda kubisha hodi.

"Shikamoo, mzee. Leo nimeleta mgeni mwingine wa miguu minne."

"Marahaba, mwanangu. Ilimradi asinifuate nikienda kuswali."

Kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi pwani hii, mate ya mbwa ni najisi, na yakigusa chombo au nguo huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Mbwa mwenye furaha anayerukia kanzu alfajiri anamharibia mtu ibada yake. Kwa hiyo Shaba alitoka matembezi baada ya watu kurudi msikitini, kwa kamba fupi, upande wa pili wa njia. Bakuli lake lilikuwa na bomba lake uani. Nimewaona walezi wanaopuuza jambo hili, kisha wanashangaa mbwa kutupiwa mawe. Mzee huyu hamgusi mbwa na wala simtarajii amguse. Lakini ndiye aliyenikumbusha hadithi ya mtu aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu akasamehewa dhambi zake, na siku za joto kali hunipigia simu kuuliza kama wageni wangu wana maji kivulini.

Walezi wa zamani wana msemo wa tatu tatu: siku 3 za hofu, wiki 3 za kuzoea, miezi 3 ya kujiona yuko kwao. Si sheria ya sayansi, lakini imenisaidia kuwatuliza watu wengi. Siku 3 za Shaba alizimalizia chini ya meza ya jikoni. Sikumvuta. Nilikaa sakafuni nikichambua mchele, namtupia kipande cha dagaa bila kumtazama. Siku ya tano alikuja kunusa kisigino changu akarudi. Siku ya tisa alilala barazani mchana. Siku ya kumi na moja mtoto wa shangazi aliangusha sufuria, Shaba akajikojolea. Yote nikayaandika.

Kila mbwa wangu ana daftari la kurasa arobaini, na hili ndilo ninalolithamini kuliko kitu chochote katika kazi hii. La Shaba linasema: "Anaogopa wanaume wenye fimbo, hata mwavuli. Kuku anawatazama, hawafukuzi. Paka anamfukuza. Anakubali kuguswa masikio, shingo bado. Chakula hakigombei. Mvua ya radi: anaingia chini ya kitanda, mwacheni."

Halafu ukurasa wa siku ya 19. Saa tisa usiku niliamshwa na sauti nzito iliyotoka kwenye kifua kipana, ikaja tena, na tena. Nilidhani ni mbwa wa mtaa wa pili. Nikachungulia dirishani: Shaba amesimama katikati ya ua, manyoya ya mgongo yamesimama, uso kwenye geti. Nje hatua za mtu zilikuwa zinaondoka upesi. Alfajiri mzee alinikuta nikifagia.

"Mgeni wako leo ametuamsha kabla ya mwadhini," alisema. "Kumbe anasema."

Nilishindwa kumjibu vizuri, nilikuwa na donge kooni. Baadaye niligundua utaratibu wake. Mchana habweki kabisa, wala kwa mgeni anayebisha hodi kwa sauti. Usiku anabweka kwa anayegusa geti bila kusema neno. Sijui ni nani angemtamani mlinzi bora zaidi ya huyo, na familia nne zilimwacha kwa sababu zilimwona mchana, bandani, kwa dakika tano.

Kumkabidhi kunauma. Siwezi kulipunguza makali jambo hili, na mlezi mpya anayeniuliza namwambia ukweli: utalia, kisha banda la kituo litakuwa na nafasi moja ya mbwa mwingine aliyekuwa barabarani. Mama mmoja wa Kibamba anayefuga kuku alikuja kwangu, si kituoni. Nilimwomba aje mara tatu kabla ya kumchukua, mara moja jioni. Nilihakikisha Shaba amefungwa kizazi, kadi ya chanjo ina mihuri, na nikampa daftari tukalisoma wote wawili ukurasa kwa ukurasa. Alipofika siku ya 19 alikirudia kifungu kile mara mbili. Nilimpa pia kanga kuukuu aliyokuwa akilalia Shaba, haijafuliwa, ili asikose harufu anayoijua usiku wa kwanza.

Siku ya nane alinipigia. "Daktari, mbona kimya?"

"Hesabu siku, mama. Kuku je?"

"Kuku analala nao."

Siku ya kumi na tano akapiga tena, shemeji yake anamcheka kwamba ameuziwa bubu. Nikamwambia amngoje, wala asimruhusu mtu kumchokoza ili abweke. Siku ya 22, saa kumi alfajiri, simu yangu ililia. Ujumbe wa sauti. Sekunde kama ishirini hivi ni sauti ileile nzito, na kuku wakilalama nyuma yake. Mwishoni kabisa mama akanong'ona, "Umemsikia?"